Mturudishie Jumapili moja tuketi pamoja

Mhariri,

Jumapili iliyopita mzee wa zamu alisoma matangazo kanisani kwetu hapa Nakuru kama kawaida: wagonjwa watatu, harusi mbili, mchango wa kubadilisha mabati ya nyumba ya mchungaji. Alipomaliza alikunja karatasi, akaikunjua tena, akasema kuna jambo ambalo baraza la wazee limelizungumza. Ibada ya Kiswahili, ile ya saa moja asubuhi, inapendekezwa ihamie ukumbi mdogo ulio nyuma ya kanisa, ubavuni mwa jiko, kuanzia Januari. Watu wake wamepungua, alisema, na jengo kubwa linahitajika mapema ili vijana watege vyombo vya muziki kwa ajili ya ibada ya Kiingereza. Maoni yatapokelewa kwenye kikao. Akaketi.

Naomba nafasi nitoe yangu kabla ya kikao hicho, maana nimesikia kwa wenzangu sokoni kwamba jambo hili hili liko katika makanisa mengine ya mji huu, na hata Kisumu na Kakamega. Jina la kanisa letu sitalitaja. Wachungaji wetu ni watu ninaowapenda na kuwaombea, na sioni kwamba wametukosea kwa kusudi.

Nina miaka 64. Nauza nafaka: maharagwe, njahi, ndengu, na mahindi ya gorogoro. Nilizaliwa Maragoli, kaunti ya Vihiga. Marehemu mume wangu alikuwa Mkisii wa Nyamira. Tulipooana mwaka 1983 yeye hakujua Kimaragoli na mimi sikujua Kikisii. Kiswahili ndicho alichonichumbia nacho, ndicho tulichogombana na kupatana nacho, ndicho tulicholelea watoto wanne. Kwa hiyo mtu akiniambia Kiswahili ni lugha ya wasiosoma, au ni lugha ya kupitia tu mtu akielekea kwingine, mimi nasikia akisema nyumba yangu ilikuwa ya kupitia.

Mume wangu alikuwa mwashi. Jengo hilo kubwa tunaloambiwa tulipishe, ukuta wake wa upande wa mashariki aliupanga yeye na wenzake wanne, Jumamosi baada ya Jumamosi, mwaka 1994 na 1995, malipo yao chai na mandazi. Lori lilikuwa haliwezi kuingia hadi ndani kwa sababu ya tope, basi sisi akina mama tulipanga mstari kutoka barabarani tukapokezana mawe. Jiwe la kuchonga ni zito. Kabla hujaliachilia unamwambia mwenzako, “Shika.” Naye akishalikamata anakuambia, “Nimeshika.” Ndipo unatoa mikono. Mstari mzima ulikuwa ukisema hivyo tangu asubuhi hadi alasiri: shika, nimeshika, shika, nimeshika. Mimi nilikuwa nikipokea kutoka kwa mama Mkikuyu wa Bahati na kumpa mama Mkalenjin wa Rongai. Hakuna aliyelisema neno hilo kwa lugha ya kwao, kwa sababu jiwe lingemwangukia mtu mguuni.

Wakati huo ibada ilikuwa moja. Ilianza saa nne na kuisha ilipoisha. Akija mhubiri mgeni na Kiingereza chake, mkalimani alisimama kando yake, mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye sasa ametangulia mbele ya haki. Alikuwa na desturi ya kunyamaza kidogo kabla ya kutafsiri, kama mtu anayeonja mchuzi, kisha aseme. Waliojua lugha zote mbili walikuwa wakisikia neno moja mara mbili, na wengi walikiri kwamba lile la pili ndilo lililowaingia. Watoto walikaa nasi mpaka baada ya sadaka, ndipo wakatoka kwa mstari kwenda Shule ya Jumapili, na kila mtoto alikuwa anajulikana ni wa nani.

Ibada ya Kiingereza ilipoanzishwa sikuipinga, na leo siipingi. Ilianzishwa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo, wa Egerton na wa Kabarak, waliokuwa wakija mjini wakikosa mahali. Ilikuwa saa moja asubuhi, na yetu saa tatu na nusu. Kisha ikaja korona. Makanisa yalifungwa Machi 2020, na yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai masharti yalikuwa ibada isizidi dakika sitini, watu wasizidi 100, na wenye umri chini ya miaka 13 na walio zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Mimi nilikuwa na miaka 59. Nikaabudu sebuleni, na hilo nitalirudia. Tuliporuhusiwa sisi wazee kurudi, tulikuta saa zimebadilishana: Kiingereza saa tatu na nusu, Kiswahili saa moja. Hatukuulizwa. Tuliyakuta hayo kwenye ubao. Halafu Nakuru ikapewa hadhi ya jiji, Desemba 1, 2021, na tangu hapo kila tukiuliza tunaambiwa kwamba jiji lina mahitaji yake.

Sasa naomba wazee wetu wafikirie nani anayeweza kufika saa moja asubuhi. Walinzi wa usiku wanaweza. Wao huja moja kwa moja kutoka lindoni, na sare zao, rungu wakiliweka chini ya benchi. Sisi wajane tunaweza, maana usingizi wetu ni mfupi. Wauza mboga na maziwa, baadhi yao. Lakini mama mwenye watoto watatu wa kuogesha, tena Julai, baridi ya Nakuru ikiwa mpaka kwenye mifupa, ataamka saa ngapi? Na hata akiamka, Shule ya Jumapili iko katika ibada ya pili tu. Basi apende Kiswahili namna gani, ataifuata ile ya pili kwa sababu ya watoto. Ndivyo tulivyopungua. Hakuna aliyeichoka lugha. Saa ilitupunguza, na watoto walipoondolewa, wazazi wao waliondoka nao. Leo tunaambiwa tumekuwa wachache, kana kwamba ni mvua iliyokataa kunyesha.

Nyumbani kwangu Kaptembwo tunaishi watu sita, na Jumapili tunatoka mara tatu. Mimi natoka saa kumi na mbili na robo. Binti yangu, mume wake na watoto wawili wadogo wanatoka saa tatu. Mjukuu wangu mkubwa huenda kwenye hema la vijana saa tano. Mara nyingi nikirudi nakutana na binti yangu langoni, yeye anafunga viatu vya mtoto, mimi navua kitambaa. Tunasalimiana. Ananiuliza mahubiri yalihusu nini, namwambia kwa ufupi maana amechelewa. Zamani tulikuwa tukiyajadili mahubiri hayo hayo juu ya sufuria moja ya mchele mpaka mtu akasema basi.

Machi mwaka huu tulifiwa na mama aliyekuwa akipanga maua kanisani. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa akinunua kwa bei nafuu maua yanayotoka mashamba ya Naivasha, yale yenye shina fupi yasiyofaa kusafirishwa ng’ambo, akayapanga Jumamosi jioni katika ndoo mbili alizozivika kitambaa cheupe. Ibada zote zilikuwa zikiyatazama maua hayo. Msiba wake ulitangazwa katika ibada yetu. Katika ibada ya pili haukutangazwa. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili, muda ulikuwa umekwisha, na kwenye skrini kulikuwa na picha za kambi ya vijana. Hakuna aliyeficha. Ilipita hivyo tu.

Matanga yalikuwa Rhonda. Tulikodi viti 150, na usiku wa mkesha mimi mwenyewe nilivihesabu vilivyokuwa na watu: 46. Mchango wa kumsafirisha kwao Busia haukutosha, akakaa mochari siku nne zaidi, na kila siku ina bili yake. Mwishowe tukaongezea kutoka chama chetu cha akina mama na kutoka kwa walinzi wale ninaowasema, ambao mshahara wao mnaujua. Basi lilibeba watu 19.

Majuma mawili baadaye nilikuwa nasuuza vikombe kwenye bomba la nyuma, akanijia msichana mmoja wa ibada ya pili, mwimbaji, mwenye kazi nzuri mjini. Akaniuliza, “Shosho, yule mama wa maua amesafiri?” Siku hizo ndoo zilikuwa zimekaa tupu. Nikamwambia tumemzika. Alishika ukuta. Alilia palepale, kisha akatoa simu akaniomba namba ya kutuma mchango, akasema ndiye aliyempa ua la kwanza la kushika alipobatizwa. Nilimpa namba ya mtoto wa marehemu na akatuma, Mungu ambariki. Huyo msichana ana moyo mzuri kutuzidi wengi. Kitu alichokosa ni habari tu, na alikosa habari kwa sababu tunatumia mlango mmoja kwa saa tofauti.

Nimesema nitarudi kwenye ile sebule ya 2020. Mjukuu wangu wa pili alikuwa na miaka minne. Kila Jumapili tulifungua redio, tukaimba, nikamfundisha kuomba. Alikuwa akiomba kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, akimtajia Mungu kuku wetu mmojammoja kwa rangi zao. Alijua neno neema. Alikuwa akilitamka “nyema”, na sikumrekebisha.

Sasa ana miaka tisa. Ni mtoto mwerevu, na shuleni insha zake za Kiswahili hurudi na alama nzuri. Lakini maneno ya maombi amefundishwa kwa Kiingereza, kanisani, na ndiyo anayoyatumia. Mwezi uliopita tulikuwa mezani, ugali na omena, baba yake akamwambia aombee chakula. Akafumba macho akaomba mbio mbio, kwa lugha nzuri bila shaka, maana mama yake alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Kiingereza cha risiti na cha mabango nakijua, cha kwenda mbio hivyo hunipita. Katikati ya ombi lake nikasikia anasema “Guku”. Ni mimi. Ndivyo anavyoniita, kwa Kimaragoli. Akaendelea kidogo, akasema amina, akavuta sahani.

Nilimwuliza, “Mjukuu wangu, umeniombea nini?” Aliniangalia. Akafungua mdomo, akatafuta neno, akalikosa, akatafuta tena. Mwisho aliinama chini ya meza akaligusa goti langu la kushoto kwa kidole. Ndilo linaloniuma.

Mhariri, niliishukuru mbingu kwa mtoto huyo na bado naishukuru. Lakini usiku ule sikulala. Mtoto ninayelala naye chumba kimoja ananiombea kwa Mungu, nami siwezi kuitikia amina mahali pake, kwa sababu sijui ombi limefika wapi.

Hapo ndipo nilipokumbuka Februari 2008. Wengi wa wanaotuongoza leo walikuwa watoto wakati huo, na wengine hawakuwa Nakuru, kwa hiyo nawaomba wanivumilie. Mapigano yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalipofika mjini humu katika siku za mwisho za Januari, serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukajaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao. Kaptembwo yetu iligawanyika ploti kwa ploti. Mume wangu alilala siku tisa kwa jirani Mkikuyu, na mimi nikabaki na watoto na maharagwe ya jirani mwingine, Mluo, aliyeniomba nimfichie gunia mbili.

Jumapili ya kwanza tuliyokusanyika tena tulikuwa 37, katika jengo ambalo hukaa watu 600. Tulikaa mbalimbali, kila mmoja karibu na watu wake, na kila mtu aliangalia mlango. Mchungaji hakuweza kufika. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye mikono yake ilikuwa inatetemeka, alisimama akasema: leo hakuna atakayeomba kwa lugha ya mama, wala kunong’ona nayo, asije mtu akajiuliza mwenzake anamwambia Mungu nini juu yake. Tutaomba kwa Kiswahili, kwa sauti, tusikiane.

Aliyeanza ni yule mama wa Rongai niliyekuwa nikimpa mawe. Akawaombea waliochomewa, bila kutaja kabila. Aliyefuata ni mwanamume Mkikuyu ambaye kibanda chake cha viatu kilikuwa kimeteketea, akawaombea vijana, “wote, hata walionijia.” Halafu tukasema Sala ya Bwana pamoja. Tulipofika pale pa kusamehe makosa, sauti zilishuka mpaka nikadhani zitakatika. Hazikukatika. Mkataba wa Kibaki na Raila, uliosimamiwa na Kofi Annan, ulitiwa saini Februari 28. Sisi tulikuwa tumeanza kupeana mikono kabla ya tarehe hiyo, na tulianzia kwenye mabenchi yale.

Sisemi kwamba Kiswahili kina uchawi wa kuzuia vita. Watu walitukanana kwa Kiswahili pia. Nasema kwamba siku tulipohitaji kusikiana sote, mwenye digrii na mchunga mlango, tulikuwa nacho, na tulikuwa nacho kwa sababu tulikuwa tumekizoea pamoja Jumapili baada ya Jumapili.

Najua majibu nitakayopewa, kwa maana nimeshapewa baadhi. La kwanza ni kwamba vijana watatukimbia, waende kwenye makanisa yenye taa na magitaa. Nililichukulia kwa uzito, nikaenda kuketi ibada ya pili mara nne, na hema la vijana mara moja. Nilibeba daftari langu la madeni ya sokoni nikawa naweka alama kila mhubiri alipoacha Kiingereza. Katika mahubiri moja niliweka alama 11. Alikiacha alipotaka wafurahi. Alikiacha alipowaonya juu ya mikopo ya simu na kamari, na hapo ukumbi mzima ulinyamaza. Alikiacha alipomwombea mtoto mgonjwa aliyeletwa mbele. Na alipowaita watu watubu, sikusikia neno la Kiingereza mpaka mwisho. Katika hema la vijana ndiyo kabisa. Sheng na Kiswahili tangu mwanzo, Kiingereza kikiwa cha kufungulia na kufungia tu. Basi vijana hawakikimbii Kiswahili. Kila penye uzito wanarudishwa kwacho, na wanakuja.

La pili ni fedha. Ibada ya pili hutoa sadaka kubwa, hilo ni kweli, na ndiyo inayolipa umeme na mishahara. Nawashukuru. Sisi sadaka yetu ni sarafu na noti za hamsini, na mara nyingine debe la mahindi. Hilo silijibu zaidi ya hapo. Nina hakika wachungaji wetu wanajua thamani ya debe la mahindi ya mjane.

La tatu lilisemwa na kijana mmoja kwa upole sana: kwamba dunia inakwenda na Kiingereza, na tunawaandaa watoto kwa ajili ya dunia. Nilimsimulia habari za bibi yangu mzaa mama. Wamishonari wa Quaker kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Miaka michache baadaye mwenzao, Emory Rees, alikuja kukaa kwetu Maragoli, na yeye na mwalimu wetu Joel Litu wakaketi miaka mingi wakiyageuza Maandiko neno kwa neno kuwa Kimaragoli. Ingekuwa rahisi kwao kuwaambia wazee wetu wajifunze Kiingereza kwanza, ndipo wamjue Mungu. Hawakufanya hivyo. Bibi yangu alijifunzia kusoma kwenye kurasa hizo, akiwa mtu mzima mwenye watoto. Leo hapa Nakuru siwezi kudai Kimaragoli, maana jirani yangu wa benchi hatanielewa, na naye hawezi kunidai Kikipsigis. Kiswahili ndicho kilichobaki chetu sote. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inakiita lugha ya taifa, na UNESCO imekitengea Julai 7 kila mwaka. Nisingependa kanisa liwe mahali pa kwanza kukihamishia karibu na jiko.

Nimeambiwa nisilete malalamiko bila njia, kwa hiyo haya ndiyo ninayoomba. Ibada ya Kiingereza ibaki, na saa yake ibaki. Hema la vijana libaki. Lakini Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, ile ya Meza ya Bwana, tuwe na ibada moja, saa tatu na nusu, kwa Kiswahili, watoto wakiwa ndani mpaka baada ya sadaka. Jengo halitatutosha sote. Tuna hema, tuna viti vya plastiki, na tuna vipaza sauti vya kutosha. Mgeni asiyejua Kiswahili awekewe mkalimani kando, kama sisi tulivyowekewa zamani. Vitabu vya nyimbo vitolewe kabatini, viko zaidi ya mia mbili na nimevipangusa vumbi mimi mwenyewe. Na karatasi ya wagonjwa na waliofiwa isomwe kila ibada, yote, hata kama muda umekwisha. Hili la mwisho halihitaji kikao. Linaweza kuanza Jumapili hii.

Watoto nao wapewe zamu ya kuomba kwa Kiswahili mbele ya watu, mmoja kila mwezi. Watakosea, na hakuna ubaya wowote. Kuna wazee wengi mle ndani ambao hawajasikia sauti ya mtoto kanisani tangu 2020.

Kikao ni Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, katika ukumbi ule ule mdogo. Wenzangu wa ibada ya kwanza tumekubaliana tutarudi nyumbani kunywa chai, kisha tuje tena, na walinzi wawili wameomba kubadilishiwa zamu ili wahudhurie. Mjukuu wangu nimemwambia aje aketi nami. Tangu siku ya goti amekuwa akiniuliza maneno usiku, taa ikiwa imezimwa: rehema ni nini, toba ni nini, kuponya ni kufanya nini. Jana aliuliza kama kwenye kikao mtoto anaruhusiwa kufungua kwa maombi. Nimemwambia nitamwuliza mwenyekiti.

Mama muuza nafaka,
Kaptembwo, Nakuru